Unataka kuingiza AI kwenye utafiti wa afya chuoni kwenu? Anzia maabara, modeli baadae

Kila mara kuna mtu anauliza chuo cha udaktari na watu wa kompyuta waanzeje projekti ya akili mnemba (AI) pamoja, na majibu mengi ni yale yale, nunua mashine kubwa, jifunze kuandika programu kwa Python. Aah, hayo ya mwisho kabisa. Ntatumia mfano wa malaria kwenye hadubini maana umeshafanyika hapa hapa jirani, Makerere, Uganda, watu wa AI walikaa na watu wa maabara wakafunga simu ya kawaida kwenye jicho la hadubini kwa kishikizo cha printa ya 3D, na 2016 wakatoa kazi inayoonyesha modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa picha, inatambua vimelea vya malaria kwenye damu, TB kwenye makohozi na mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Simu tu, na hadubini ambayo tayari ipo mezani.

Cha kwanza tafuta swali, na usiende kulitafuta kwa mkuu wa idara, nenda kwa yule mtu wa maabara anayesoma BS (slaidi ya damu ya kupima malaria) kutwa nzima, muulize nini kinamla muda. Atakwambia slaidi nene (tone la damu lisilotandazwa sana) ikishapigwa Giemsa, ile rangi ya kuonyesha vimelea, anaingia na lenzi ya 100 na mafuta, anahesabu vimelea huku anahesabu seli nyeupe mpaka zifike 200, halafu anachukua idadi ya vimelea anagawa kwa 200 anazidisha kwa 8,000. Yaani ukiona vimelea 50, mgonjwa ana kama 2,000 kwenye mikrolita moja ya damu. Sasa fanya hivyo slaidi baada ya slaidi na foleni iko mlangoni uone macho yatakavyokuwa saa tisa mchana. Swali lako ndo hilo: mashine ihesabu, yeye athibitishe.

Makaratasi yaanze mapema maana yanachelewa kuliko kitu kingine chochote. Kibali cha maadili Bongo ni NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), Kenya utahitaji na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), Uganda kuna UNCST (baraza la taifa la sayansi). Sheria za data binafsi nazo zipo, Kenya na Uganda za 2019, Tanzania ya 2022, kwahiyo jina na namba ya faili la mgonjwa visitoke hospitali hata kidogo. Kama mshirika wenu yupo nje, andikeni kabisa data inakaa kwenye seva ya nani, nani anaruhusiwa kuitumia kwa kazi nyingine, na jina la nani linatangulia kwenye chapisho, msioneane aibu kisa wao ndo wana hela. Mnaweza kuangalia UZIMA-DS, projekti ya utafiti wa data za afya ya Aga Khan University ya Nairobi na University of Michigan, ilianza 2021 kwa hela za NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, na uongozi wa utafiti uko pande zote mbili, huku hatujaachiwa kazi ya kukusanya tu.

Sasa lebo, yaani kuweka alama kwenye kila picha kimelea kiko wapi, na hapa ndo kazi ilipo. Kila picha isomwe na watu wawili wa maabara, kila mmoja kivyake bila kuona jibu la mwenzie, wakitofautiana wa tatu anaamua. Watatofautiana sana tu! Chembe ya rangi iliyoganda inafanana na kimelea kichanga, chembe sahani nazo zinadanganya. Programu kama CVAT ni ya bure, unachora kiboksi kuzunguka kila kimelea. Na muwalipe hao watu, jamani, sio soda na cheti.

Zile picha walizobishania msizitupe. Ziwekeni pembeni, ndo somo bora la wanafunzi wa maabara na udaktari mtakalopata, mwanafunzi anaamua kwanza mwenyewe, kisha anaona modeli imesema nini, kisha anaona wataalamu walibishana wapi. Faida hii mnaipata hata modeli ikifeli.

Kwenye kugawa data ya kufundishia na ya kupimia, gawa kwa mgonjwa, usigawe kwa picha. Slaidi moja inatoa picha kibao, zikiingia pande zote mbili modeli inakuwa kama mwanafunzi aliyeuona mtihani jana yake, utapata asilimia 98 ufurahi bure. Halafu pimeni kwenye hospitali ambayo haikutoa data yoyote. Marekani 2018 walionyesha modeli ya kusoma nimonia kwenye X-ray inaweza kujua picha imetoka hospitali gani na ikajisaidia na hilo. Na Google walipopeleka mashine yao ya kusoma macho ya wagonjwa wa kisukari kwenye kliniki za Thailand, ilikataa zaidi ya picha moja kwa kila tano, sababu mojawapo ni mwanga wa vyumba.

Modeli yenyewe sasa, hamna cha ajabu, chukua YOLO (modeli ya kutafuta vitu kwenye picha) iliyotayari ifundishe kwa picha zenu, Google Colab ya bure, kompyuta ya Google unayoitumia mtandaoni, inatosha kuanzia. Ikiingia maabara iendeshwe sambamba na BS ya kawaida kwanza, jibu linaloenda kwa daktari liwe la mtu, na kila slaidi ambayo mashine imesema hakuna kimelea halafu mtu akakiona iandikwe kwenye daftari na tarehe na ni hadubini ipi, maana mara nyingi utakuta tatizo ni lenzi chafu au Giemsa ya siku nyingi.