Namna ya kuandika "mteule" kwenye gemu yako ya RPG bila kumboa mchezaji

Wakuu, kama unatengeneza RPG yako ya kwanza (gemu ya stori ndefu ambayo mhusika wako anakua nguvu leveli kwa leveli), nina uhakika mkubwa ushaandika huyu mtu: kijana yatima, katokea kijiji cha pembeni, kijiji kinachomwa moto, afu mzee mwenye ndevu anamwambia we ndo uliyetabiriwa. Sio dhambi. Baldur's Gate ya 1998 inaanza karibu hivohivo, yatima kalelewa Candlekeep, mlezi wake Gorion anauliwa usiku wakiwa njiani, na watu bado wanaicheza mpaka leo. (Kuanzia hapa kuna spoila nyingi, lakini ni gemu za zamani, mtanisamehe.)

Kwanza elewa kwa nini huyu mteule hatuachani naye kwenye RPG. Mchezaji anaanza leveli ya kwanza anapigana na panya, mwisho wa gemu anampiga mungu, sasa lazima stori ieleze kwa nini yeye na sio yule askari mwenye silaha kali aliyesimama getini. Unabii ndo jibu la haraka na la bei rahisi. Kwa hiyo usiufute, ila uufanyie kazi.

Anza na swali moja: nani kamchagua, na anafaidika nini? Hapa mi sijaona walioishinda Morrowind ya 2002. Unashushwa kwenye meli ya wafungwa pale Seyda Neen, unatumwa kwa mzee mmoja Balmora anaitwa Caius Cosades ambaye kumbe ni jasusi, na ukweli ni kwamba Mfalme kakutoa jela kwa sababu unafananafana na mtu wa kwenye unabii wa wenyeji, yaani ni siasa tupu. Baada ya hapo hakuna anayekupigia makofi. Inabidi makabila manne ya Ashlander, wahamaji wa huko, yakubali kukuita Nerevarine, yaani huyo mteule wa unabii, na nyumba tatu kubwa, yaani koo zinazotawala, zikuite Hortator, kiongozi wao wa vita, na kila mmoja ana masharti yake. Chifu wa Zainab, Kaushad, anataka umletee mke wa hadhi ya juu kutoka Telvanni, moja ya hizo nyumba kubwa. Mganga wao anakupa ujanja, nenda soko la watumwa Tel Aruhn kanunue mwanamke, mvalishe nguo za gharama, mpake manukato ya Kitelvanni, mlete kama bi harusi wa hadhi. Unamdanganya chifu ili akutangaze kuwa mtakatifu! Hiyo ndo stori, na pia ni swali zuri kuhusu huyo mteule ni mtu wa aina gani. Na kwenye pango la Azura unakutana na mizimu ya walioshindwa kabla yako, wote nao walidhani ndo wao.

Linganisha na Skyrim ya 2011. Unaua joka kwenye mnara nje ya Whiterun, roho yake inakuingia, askari waliopo wanakuita Dragonborn, yaani mtu mwenye roho ya joka, palepale na wazee wa mlimani wanakuita kwa sauti inayotikisa nchi nzima. Ni tamu sana kwa dakika kumi. Afu unarudi mjini na mlinzi anakukejeli kwamba labda umeibiwa kitumbua. Ukimpa mtu cheo chote mwanzoni basi kila mtu kwenye gemu inabidi akijue hicho cheo, na hiyo ni kazi ya kuandika mazungumzo mpaka uzeeke.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika ishara moja tu ya unabii, afu tafuta watu watatu wanaoisoma tofauti: mmoja anaamini, mmoja anaona ni utapeli, mmoja hajali ila kuna hela ndani yake. Ukiwa na RPG Maker, programu ya kutengenezea gemu za aina hii, tengeneza variabo (namba ambayo gemu inaikumbuka) moja kwa kila kijiji, sifuri maana yake hawakujui, ikipanda wanakuamini kidogo kidogo, na kwenye ivento (maagizo ya anachofanya na kusema) ya kila mwanakijiji weka kurasa kadhaa zenye masharti ya hiyo variabo. Kumbuka ukurasa wenye namba kubwa zaidi ambao masharti yake yametimia ndo unaofanya kazi, kwa hiyo panga imani ndogo kurasa za mwanzo, imani kubwa kurasa za mwisho, ukichanganya tu mama muuza samaki atakuabudu kabla hujamsalimia.

Na huyo mama muuza samaki usimwandikie "Ee mteule, tuokoe!" Mwandikie kitu kama: "Aliyepita naye alisema hivohivo. Tukampa mtumbwi. Mtumbwi wenyewe hatujauona." Sentensi tatu fupi, mchezaji keshajua kuna wengine walikuja, wamefeli, na hapa kijijini heshima inalipiwa.

Kuhusu muda. Ukisema dunia inaisha kesho na mchezaji anavua samaki wiki nzima, stori imekufa. Fallout ya 1997 ilikupa siku 150 za kutafuta chipu ya mtambo wa maji ya watu wako wa Vault 13, handaki mnaloishi, na hiyo presha unaisikia kweli. Wengi hawapendi kuhesabiwa siku, sawa, basi punguza ukubwa wa tishio, ugonjwa unaosambaa taratibu unavumilia uvivu wa mchezaji kuliko kimondo kinachoanguka.

Njia nyingine ambayo wengi wanaisahau: mteule asiwe steringi. Oblivion ya 2006 mwenye damu ya kifalme ni Martin, we unamsindikiza tu, na mwisho yeye ndo anayejitoa mhanga. Final Fantasy X ya 2001 ni kali zaidi, Yuna ndo mwenye jukumu la kumshinda Sin, dude linaloangamiza miji, na Tidus, ambaye ndo unayemcheza, anachelewa kujua kwamba mwisho wa ile hija Yuna anatakiwa kufa, wenzake wote walijua wakakaa kimya. Ukirudi kucheza mara ya pili kila utani wao njiani unauma. Uteule wenye gharama ndo unaoshika watu, ule wa kupewa upanga bure hakuna anayeukumbuka.

Steringi aliyepoteza kumbukumbu sitamwongelea sana, Planescape: Torment ya 1999 ilishammaliza.

Ukimaliza rasimu mpe rafiki acheze saa ya kwanza, ukae pembeni na usimweleze chochote hata akiuliza. Angalia kidole chake. Pale anapobonyeza harakaharaka bila kusoma ndo pa kukata, hata kama ndo ile hotuba ya unabii uliyokesha nayo.