Tafuta hewa kabla ya kushusha pampu
Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ ikisumbua kuwaka asubuhi au ikikosa nguvu mlimani, usikubali pampu ya dizeli, ile inayosukuma mafuta kwenye injini, ishushwe kwanza. Pampu hiyo huvuta dizeli yenyewe kutoka tangini, hivyo mpira wa dizeli wenye ufa mdogo huingiza hewa bila kudondosha hata tone. Nimeona watu wakilipia matengenezo makubwa kwa sababu ya klipu iliyolegea, inauma sana. Funga mpira mweupe unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, washa, tazama mapovu. Yakiwepo, chomoa paipu ya tangini, acha injini ivute dizeli safi kutoka kwenye dumu. Yakiisha, kagua upande wa tangi. Yakiendelea, shuku filta na pampu yake ya mkono.