SOMO: Namna ya kuijua ridi nzuri ya saksafoni kabla haijakuaibisha

Wakuu salama? Mtu anapiga saksafoni ya alto miezi sita sauti inatoka kama jogoo mgonjwa, lawama zote kwa saksafoni ya mtumba, kumbe shida ni kile kijiti cha mdomoni, yaani ridi.

Kwanza namba ya kwenye boksi, 2, 2½, 3, sio cheo. Ni ugumu tu. Na 3 ya Vandoren sio lazima iwe sawa na 3 ya Rico, kwahiyo ukibadili kampuni anza upya. Halafu ndani ya boksi la ridi 10 zote zimeandikwa namba moja lakini hazilii sawa, hapo ndo kazi inaanza.

1. Macho. Ridi ni mmea jamii ya matete, mengi yanatoka mkoa wa Var kusini mwa Ufaransa. Gamba liwe rangi ya dhahabu, madoa ya kahawia wala yasikutishe, ila ukiona ukijani ujue tete lilikatwa halijakomaa.

2. Imulike kwenye taa, ncha juu. Kati kuna kivuli kama V iliyopinduliwa, kulia na kushoto vilingane.

3. Laza tumbo lake (upande bapa) kwenye kioo. Ikiyumba, imepinda.

4. Ilowekwe dakika mbili tatu, uifunge kwenye mausipisi (kile kipande cha kupulizia), ziba tundu lake la chini kwa kiganja, unyonye hewa halafu uachie mdomo. Ikishika kidogo ndo ikaachia na kamlio ka "po!", imekaa vizuri. Ikiachia hapohapo, hewa inavuja.

5. Piga noti ndefu, acha mbwembwe. Zungusha mausipisi kidogo mdomoni ili upande mmoja wa ridi ubaki huru, kisha upande wa pili. Unaogoma ndo mnene, upunguze kwa msasa laini namba 600, kidogo, jaribu, kidogo tena. Mimi niliwahi kutumia wembe saa moja kabla ya harusi, ncha ikaondoka yote, nikashinda napiga manyanga.

Na usiihukumu siku ya kwanza, ipigie dakika 5 mpaka 10 kwa siku, siku nne hivi.

MASWALI

Mkuu yangu noti za juu zinashuka na nikipuliza kwa nguvu inaziba kabisa?
- Laini hiyo kaka, panda nusu namba.

Mwalimu napiga klarineti kwaya, tukisafiri ncha inafanya mawimbi, nitupe?
- Usitupe dada, hewa imebadilika tu. Loweka zaidi, ibonyeze kwenye kioo mpaka inyooke, na usiihifadhi ikiwa imefungwa kwenye mausipisi.

Vipi za plastiki?
- Ninayo moja ya Légère. Hailowekwi, jua la Dodoma na joto la Dar kwake sawasawa. Bei yake sasa, unaweza kubeba boksi zima la matete, na ukinunua namba siyo imekula kwako.