Kuandika gemu ya Kadi kwa Python bila 2 kuadhibu meza nzima

Nimetoka kumsaidia binamu yangu kuandika Kadi, ile gemu ya karata tunacheza huku Kenya mpaka mtu aseme "niko kadi" (yaani karibu anamaliza), na nimeona watu hukwama mahali pamoja tu, basi naweka hapa.

1. Tumia Python, maandishi matupu. Picha weka mwisho, maana ukianza nazo hutajua kosa liko kwa mchoro ama kwa sheria. Simu ya Android yenye Pydroid 3, app ya kuandika na kuendesha Python, inatosha kabisa.

2. Tengeneza kadi 52, changanya kwa random.shuffle, gawa nne nne, funua moja.

3. Hapa sasa ndipo kwenye kazi. Wengi huandika: kadi ya juu ikiwa 2, anayefuata aokote mbili. Inakaa sawa mpaka uicheze. Asha anaweka 2 ya kopa, Juma anaokota mbili, zamu inafika kwa Otieno na juu bado kuna ile 2 kwa sababu Juma hakuweka kitu, basi Otieno naye anaambiwa aokote, na anayemfuata, mpaka rundo liishe. Kadi ya mezani haijui kama deni lake limelipwa! Deni liwe na kigeu (variable) chake, adhabu = 0, mtu akiweka 2 iwe 2, akiweka 3 iwe 3, akishaokota ama akizuia kwa A irudi 0 hapo hapo. Ua (kopa, pau na kadhalika) lililoombwa kwa A pia liweke kando, A ya pau haitakuambia kopa ndiyo imeombwa, na ulifute tu mtu akilitimiza, si akiokota, maana aliyeokota ameacha ombi likimngoja anayefuata. A iliyozuia adhabu inaweza kuomba ua pia ama la? Kila mtaa na sheria yake, amueni kabla ya kuandika.

4. Zamu: zamu = (zamu + mwelekeo) % idadi, mwelekeo uanze na 1, idadi ni ya wachezaji. K inazidisha mwelekeo kwa -1, J inasogeza mara mbili. Mkiwa wawili mbele na nyuma ni mtu yule yule, kwa hiyo K impe aliyeiweka acheze tena.

5. 8 na Q ni maswali: anayeweka ajibu mwenyewe kwa kadi nyingine inayolingana, akikosa aokote moja.

6. Rundo likiisha, changanya zilizochezwa ila ya juu.

Kabla hujawapa watu, panga kadi kwa mkono, wachezaji watatu, wa kwanza aweke 2, wa pili aokote, uhakikishe wa tatu anacheza bila kudaiwa.