Jinsi ya kulinganisha miaka ya Dom Pérignon ukiwa Mwanza

Mteja akishaagiza chupa mbili za Dom Pérignon, shampeni ya kifahari ya Ufaransa, za miaka tofauti, swali linalofuata huwa lilelile: "Dada, sasa hapa ipi kali?" Huwa sijibu. Kazi yangu ni vinywaji katika hoteli moja pale Capri Point, na naona ukimtajia mtu mwaka bora kabla hajaonja, umeshamnywea. Ataonja ulichomwambia. Swali lenye faida ni jingine: mwaka huo ulikuwaje kule shambani, na unajionyesha wapi ndani ya glasi? Hilo linajibika, ila mpaka kila kitu kingine kiwe sawa. Na hapa kwetu, kwa joto hili, umeme wa kukatika na chupa zilizotoka Dar kwa lori, ni rahisi mno kudhani unalinganisha 2008 na 2009 kumbe unalinganisha stoo mbili.

Tuanze na mwaka wenyewe. Shampeni nyingi hazina mwaka kwenye lebo, kwa sababu mtengenezaji huchanganya mvinyo wa misimu kadhaa ili ladha isiyumbe. Hizo ziache. Yenye mwaka imetokana na mavuno ya mwaka huo peke yake, na sheria za Champagne, eneo la Ufaransa inakotoka shampeni, zinataka ikae chupani, sehemu ya muda huo ikiwa juu ya mashapo ya hamira, miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuingia sokoni. Dom hukaa zaidi sana, kwa kawaida minane au karibu na hapo. Ni mchanganyiko wa zabibu mbili, Chardonnay nyeupe na Pinot Noir nyeusi, na Moët & Chandon wa Épernay, wanaoitengeneza, hawaitoi kila mwaka. Ya 2007 haipo. Ya 2011 haipo. Sisi tumezoea Dodoma, ambako mzabibu mmoja unavunwa mara mbili kwa mwaka. Kule kaskazini mwa Ufaransa mavuno ni mamoja, yakiharibika mnasubiri mwakani.

Mtego mmoja hapa, kwa sababu umewahi kuwagharimu watu pesa ndefu mezani kwangu. Chupa iliyoandikwa P2 si "namba mbili" wala si ya daraja la pili. Ni mvinyo uleule wa mwaka uleule ulioachwa na mashapo yake muda mrefu zaidi, kama miaka kumi na mitano au kupita hapo. Ukiweka 2004 ya kawaida na 2004 P2, unalinganisha muda wa kulala na siyo mwaka. Ni zoezi zuri, lakini ni jingine. Kwa zoezi letu, chupa zote ziwe za kawaida, au zote P2.

Chupa zipi? Tatu zinatosha. Mbili hugeuka ubishi wa Simba na Yanga, na zikifika tano ulimi unachoka. Ningepata pesa za mtu leo ningechukua 2008, 2009 na 2010, kwa sababu zimefuatana na hali ya hewa haikufanana hata kidogo. Kiangazi cha 2008 kilikuwa cha baridi na mawingu, zabibu zikachelewa, kisha Septemba jua likatoka. Matokeo yake ni uchachu mkali, ulionyooka, na mvinyo usiofunguka haraka. Agosti ya 2009 ilikuwa kavu na ya joto, na tunda likaiva vizuri. Hiyo ni laini, imejaa mdomoni. Ya 2010 ilipigwa na mvua katikati ya Agosti, Pinot Noir nyingi ikaanza kuoza shambani, ikabidi wachambue kwa ukali kuchagua zilizo nzima. Jambo la kufurahisha ni kwamba waliitoa sokoni 2009 kabla ya 2008. Mdogo alitangulia kuolewa. Walioamua hivyo waliona ya 2009 imeshakuwa tayari na kaka yake bado. Kwa hiyo usidhani namba ndogo maana yake ni mvinyo uliokomaa zaidi.

Hizo tatu zikikushinda kupatikana, 2013 na 2015 ni jozi nzuri sana na haina usumbufu kuitafuta: ya kwanza ni ya msimu uliochelewa mpaka uvunaji ukaingia Oktoba, ya pili ni ya joto na ukame. Anayetaka kuona jua lenyewe likiwa chupani atafute 2003, mwaka wa wimbi la joto Ulaya, ambapo walivuna Agosti. Hiyo wengine hawaipendi kabisa. Mimi naipenda.

Sasa stoo, na hapa usione haya kuuliza. Muulize muuzaji: chupa zimekuja lini, pamoja au kwa nyakati tofauti? Zilikaa wapi? Kama moja imetoka kwenye kabati la kioo la supamaketi, imesimama chini ya taa tangu sikukuu iliyopita, na nyingine ilikuwa kwenye katoni chumba chenye kiyoyozi, usizinunue zote mbili kwa ajili ya kulinganisha. Mwanga unaharibu shampeni. Unaleta harufu ya kabichi iliyochemshwa. Chupa ya Dom ni ya kijani kizito, inakinga kiasi, lakini si kila kitu. Joto nalo linazeesha. Mvinyo uliokaa kwenye nyuzi 28 miezi kadhaa utakuwa na rangi ya dhahabu na harufu ya karanga zilizokaangwa mapema kuliko umri wake, na wewe utasema "mwaka huu umekomaa", kumbe umepikwa. Kama mna uwezo, agizeni zote kwa mwagizaji mmoja, shehena moja. Wageni wangu wa Geita wanaopita daraja la Kigongo–Busisi huzibeba wenyewe kwenye gari, na nawaomba kitu kimoja tu: zisikae kwenye buti mkiwa mmesimama kula samaki njiani.

Zikifika, zipumzike siku moja au mbili zikiwa zimesimama, mahali penye giza. Halafu friji, rafu ya chini, tangu usiku wa kuamkia siku yenyewe. Usitumie friza. Usiku huo umeme ukikatika, usihangaike na friji. Tafuta deli kubwa la plastiki, weka barafu na maji nusu kwa nusu, zamisha chupa zote tatu mpaka shingoni kwa nusu saa na zaidi. Maji ni muhimu, kwa sababu barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache tu. Hata friji ikiwa nzima mimi humalizia kwenye deli, ili zote ziwe na ubaridi mmoja. Tofauti ya nyuzi tatu kati ya chupa na chupa inatosha kuharibu kila kitu: ya baridi zaidi itaonekana kali na bubu, ya vuguvugu itaonekana tamu na nono. Lenga nyuzi 8 hadi 10 unapomimina. Zitapanda zenyewe hadi 12, na hapo ndipo zinasema. Barafu ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba inafaa kabisa, ni ya nje ya chupa. Ila deli liwe halijawahi kubeba sangara. Harufu ile haitoki.

Kabla ya kufungua, ficha. Umbo la chupa ni moja, kwa hiyo ukishatoa karatasi ya shingoni na kuifunika lebo kwa gazeti lililofungwa kwa mpira, hakuna atakayejua. Andika A, B, C kwa maka peni. Anayefunika asiwe anayemimina, na hata anayemimina asijue. Mezani kwangu kazi ya kufunika anafanya kijana wa jikoni. Anaandika majibu kwenye karatasi na kuiweka mfukoni.

Glasi: zile nyembamba ndefu za harusini zirudishe kabatini. Zinaonyesha viputo vizuri na zinanyima pua. Tumia glasi za mvinyo mweupe, zote za aina moja, tatu kwa kila mtu. Zioshwe kwa maji ya moto bila sabuni kubaki, zikauke zenyewe zikiwa zimepinduliwa. Na usihukumu mwaka kwa wingi wa viputo. Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims, aliyefanya utafiti wa viputo kuwa kazi yake ya maisha, alionyesha kwamba vingi huanzia kwenye vinyuzi vidogo vilivyonasa ndani ya glasi, vya kitambaa au vumbi. Glasi mbili za chupa moja zinaweza kutofautiana kabisa. Viputo vihukumu kwa ulimi: vinachoma, au vinakuwa laini na kupotea ndani ya mvinyo?

Kufungua si kama MC anavyofanya kwenye send-off. Ndani ya chupa kuna presha ya karibu mara sita ya hewa ya kawaida, na sisi huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo kizibo kina hamu ya kutoka. Zungusha waya mizunguko nusu sita, dole gumba likiwa juu ya kizibo muda wote. Inamisha chupa, shika kizibo imara kwa mkono mmoja, na huo mwingine uzungushe chupa, si kizibo. Kitoke kwa pumzi tu. Kisha usikitupe. Kiweke mbele ya chupa yake na ukitazame: kizibo kilichotanuka chini kama uyoga hakijakaa muda mrefu tangu chupa izibwe, kilichobaki chembamba, kimenyooka, kimekaa miaka. Kama chupa mbili za miaka inayokaribiana zina vizibo tofauti kabisa, una jambo la kumuuliza muuzaji.

Mimina kidogo, mililita 60 hivi. Chupa moja inatoa midomo kumi na miwili, kwa watu sita mnabakiwa na mzunguko wa pili, nao ndio wenye maana. Fanyeni ndani. Nje kwenye baraza ni pazuri jua likizama, lakini taa ikiwashwa wale wadudu wa ziwani wanaingia glasini, na dawa ya mbu inaua pua ya kila mtu. Udi na pafyumu vivyo hivyo. Chakula bado. Maji na kipande cha mkate mkavu vinatosha.

Nusa zote tatu kabla ya kunywa hata moja. Kisha onja A, B, C, rudi C, B, A. Usitafute majina ya matunda usiyoyajua. Mtu akikuambia blackcurrant, tunda dogo jeusi la Ulaya, mkubalie tu. Jiulize: uchachu unagusa wapi, pembeni mwa ulimi kama ndimu, au unapita? Kuna kitu kibichi, cha maganda ya limao, au kilichoiva, cha embe dodo? Kuna mkate uliotoka oveni, korosho, asali? Hivyo vya mwisho ni kazi ya hamira na muda. Vile vya kwanza ni kazi ya hali ya hewa, na ndivyo vinavyokuambia mwaka. Ukishameza, hesabu kimya ladha inakaa muda gani. Rangi iache mwisho kabisa, maana macho hupenda kuongoza.

Kila mtu aandike kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona meza nzima ikipotezwa na mtu mmoja. Mwenye kulipa akishasema, "Hii B ndiyo yenyewe," wote wanaona asali kwenye B, hata yule ambaye glasi yake ya B bado imejaa. Mimi humwambia kwa adabu: "Mzee, leo wewe utasoma wa mwisho." Wengi hucheka na kukubali. Mmoja aligoma, akasoma wa kwanza, akaisifu 2009 akiamini ni 2008. Hakuna aliyethubutu kumpinga mpaka kijana wa jikoni alipotoa karatasi.

Baada ya dakika ishirini, rudieni. Huu ndio wakati wa 2008. Kwenye mzunguko wa kwanza watu wengi huipa 2009 au 2010 kwa kuwa zinakaribisha. 2008 inaonekana ngumu, imejifunga. Ikipata joto kidogo na hewa inajitanua, na hapo karatasi nyingi hufutwafutwa. Ukilinganisha kwa mdomo mmoja tu, 2008 inaonewa.

Baada ya kufunua lebo, leteni chakula. Dagaa waliokaangwa wakavu, sato wa kukaanga na chumvi, chipsi hata. Pilipili ikae mbali mpaka chupa ziishe. Zinazobaki, zizibe kwa kizibo maalumu cha shampeni chenye kubana, zirudishe friji. Kijiko ambacho wengine hukitumbukiza shingoni ili kuzuia gesi hakisaidii kitu. Kesho yake onjeni tena, halafu zimalizeni.