Namna ya Kuitazama Filamu ya The Dark Horse

Filamu ya The Dark Horse, iliyoandikwa na kuongozwa na James Napier Robertson na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mjini Auckland mwezi Julai 2014, inamhusu Genesis Potini, Mmaori aliyekuwa hodari wa sataranji ya kasi, aliyeishi na ugonjwa wa akili uitwao bipola kwa miaka mingi, na ambaye katika mji wa Gisborne nchini New Zealand aliwafundisha mchezo huo watoto waliokulia katika mazingira magumu. Wengi huiendea wakitarajia filamu ya mashindano, ambamo wanyonge hujifua, hukutana na matajiri, kisha hushangiliwa. Mashindano yamo, na yanasisimua, lakini swali linaloibeba hadithi tangu mwanzo ni dogo na gumu zaidi: mtu huyu aliyetoka hospitalini atalala wapi usiku wa leo, na ni nani atakayekubali kumfungulia mlango? Anayelishika swali hilo ataiona filamu yote kwa macho mengine, na maelezo yanayofuata yanakusudia kumsaidia msomaji alishike, bila kumfichulia mwisho.

Jambo la kwanza ni kutenga muda. Filamu ina dakika 124, na inafaa itazamwe kwa mkao mmoja, bila kuikatiza katikati, kwa sababu hali ya Genesis hubadilika polepole na mtazamaji anayeisimamisha kila mara hupoteza mteremko huo. Mara ya kwanza niliitazama kwenye simu, nikiwa nimezungukwa na kelele, na nikapitwa na karibu kila kitu kinachosemwa kwa sauti ya chini, kumbe mambo mazito ya filamu hii husemwa kwa sauti ya chini. Tafuta kioo kikubwa kadiri uwezavyo, au tumia visikizi vizuri, na uwashe maandishi ya chini hata kama Kiingereza unakifahamu, kwani lafudhi ya New Zealand ni nzito na maneno ya Kimaori huchanganywa humo bila kufafanuliwa. Neno moja linalofaa kujulikana mapema ni whānau, yaani familia kwa maana pana, ile inayojumuisha ukoo wote na kila mtu anayehesabiwa kuwa wa nyumbani.

Fikiria pia utaitazama na nani. Nchini Marekani iliwekwa katika daraja la R, ambalo humtaka aliye chini ya miaka 17 aambatane na mtu mzima, na sababu zake zinaonekana wazi: kuna vipigo, matusi, ulevi, na matendo ya kumdhalilisha kijana ambayo hata mtu mzima huyatazama kwa shida. Mwalimu au kiongozi wa klabu ya sataranji anayetaka kuwaonesha vijana wake aitazame kwanza peke yake, mwanzo hadi mwisho, kisha aamue. Na kama katika kikundi yumo mtu ambaye yeye mwenyewe au ndugu yake amewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, ni uungwana kumweleza mapema jinsi filamu inavyoanza, ili asishtukizwe.

Kuhusu mahali, si lazima kujua mengi. Gisborne uko pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini, ambacho Wamaori hukiita Te Ika-a-Māui, Samaki wa Maui, kwa kuwa masimulizi yao yanasema shujaa Maui ndiye aliyekivua kutoka baharini. Hapo ndipo James Cook alipotia mguu kwa mara ya kwanza katika nchi hiyo mwaka 1769, na Wamaori kadhaa waliuawa katika siku zile za kwanza. Filamu haitoi somo la historia, lakini masimulizi ya Maui utayasikia, kwani Genesis huyatumia kuwafundishia watoto sataranji, na anayejua kwamba kisiwa wanachokikanyaga ndicho samaki wa hadithi ataelewa kwa nini watoto wale humsikiliza kwa namna ile. Jambo jingine la kujua ni magenge. Katika New Zealand magenge yana nembo inayoshonwa mgongoni mwa jaketi, na kuvishwa nembo hiyo ni kuapa kuwa mwanachama. Genge la filamu hii linaitwa Vagrants.

Jina la filamu nalo lina tabaka zaidi ya moja, na Kiswahili hapa kinatupa nafasi nzuri ya kuliona. Kwa Kiingereza, dark horse, yaani farasi mweusi, ni mshindani ambaye hakuna aliyemtarajia. Klabu ya watoto wa Gisborne ilikuwa na jina Eastern Knights, na kete ambayo Waingereza huiita knight sisi huiita kwa umbo lake, farasi, kete pekee iwezayo kuruka juu ya nyingine, na ambayo haiendi kwa mstari ulionyooka. Nadhani hakuna mchezaji wa sataranji atakayemtazama Genesis akipita mitaani bila kuikumbuka kete hiyo.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, inatosha kufahamu kwamba bipola humpandisha mtu, kwa siku au kwa majuma, katika msisimko unaomnyima usingizi, unaoyafanya mawazo yake yakimbie kuliko ulimi na kumjaza imani kwamba hakuna lisilowezekana, kisha humshusha katika huzuni inayoweza kumfanya ashindwe hata kuinuka kitandani. Hutibiwa kwa dawa na kwa maisha yenye utaratibu, na usingizi wa kutosha ni sehemu kubwa ya utaratibu huo. Ndiyo maana suala la mahali pa kulala lina uzito wa tiba. Mgonjwa anayelala nje, kwenye baridi, yuko njiani kuugua tena, na filamu inalijua hilo.

Sasa zima taa. Tukio la kwanza likutane nawe ukiwa kimya kabisa. Mtu mnene, mwenye pengo la meno ya mbele, anatembea barabarani katikati ya mvua akiwa amejifunika mfarishi mabegani, midomo ikimcheza. Anaingia dukani, anakuta ubao wa sataranji, na anaanza kucheza pande zote mbili peke yake, huku maneno yakimtoka kwa kasi inayoongezeka. Hapa angalia mikono yake. Mikono inajua inachokifanya: inazishika kete kwa uhakika wa fundi aliyezizoea, na haipapasi. Sauti ndiyo inayokimbia. Kwa dakika chache unaona katika mwili mmoja ustadi uliokamilika na akili inayochomoka relini, na mwongozaji hakuambii kwamba kimoja ndicho chanzo cha kingine. Ishike nukta hiyo kwa nguvu, kwa maana filamu nyingi kuhusu watu wenye vipaji na maradhi ya akili huuza wazo kwamba maradhi ndiyo mafuta ya kipaji. Hii inakataa. Genesis anafundisha vizuri anapokuwa mzima, na kila anapougua, watoto ndio wanaopungukiwa.

Baada ya hapo anapelekwa hospitalini, kisha anaruhusiwa kutoka akiwa chini ya uangalizi wa kaka yake Ariki, mwanachama wa Vagrants, aliyeigizwa na Wayne Hapi ambaye kabla ya hapo hakuwa mwigizaji wa kazi. Usimhukumu Ariki mapema. Msikilize anavyosema machache, tazama jinsi anavyokaa, na ujiulize ni kitu gani anachojaribu kumpa mwanawe Mana kwa njia pekee anayoijua. Mana, anayeigizwa na James Rolleston, ameandaliwa kuvishwa nembo ya genge, na mafunzo anayopewa na mtu aitwaye Mutt ni mateso yaliyopewa jina la malezi. Nyumba ile imejaa watu na vishindo, na hakuna kona yenye utulivu ambapo mgonjwa angeweza kufumba macho. Haipiti siku nyingi Genesis anajikuta analala nje, juu ya kilima, kwenye mnara wa kumbukumbu.

Sehemu inayostahili umakini kuliko zote, kwa maoni yangu, ni siku Genesis anapofika kwenye klabu inayoendeshwa na rafiki yake Noble. Hata kabla hajawafahamu watoto kwa majina, anawatangazia kwamba watakwenda Auckland kushiriki mashindano ya taifa ya vijana, ambayo yamebakiza majuma machache tu. Watoto wanalipuka kwa furaha, naye Noble anabadilika uso. Simama hapo kwa mawazo, hata kama filamu inaendelea. Je, ahadi ile ni ya mwalimu aliyewaona watoto jinsi ambavyo hakuna aliyewahi kuwaona, au ni ya mgonjwa ambaye msisimko umeanza kumpandisha? Noble hajui. Genesis mwenyewe hajui. Mtazamaji aliyesoma kidogo kuhusu bipola anatambua kwamba kuahidi makubwa kwa ghafla ni mojawapo ya dalili, na hata hivyo anatamani ahadi itimizwe. Robertson anaiacha shaka hiyo iendelee kwa muda mrefu sana, na kwangu mimi hilo ni tendo la heshima kwa mtu ambaye filamu inamhusu, kwa kuwa ndivyo anavyoishi mwenye ugonjwa huo: kila furaha yake hutazamwa na wengine kwa wasiwasi, naye pia huikagua.

Wachezaji wa sataranji wanahitaji onyo dogo. Usiitazame ukitafuta michezo ya kuichambua, wala usikazane kusoma ubao kila unapoonekana, maana kamera haikai kwenye ubao kwa muda wa kutosha. Inakaa kwenye nyuso. Kinachofundishwa humo ni msingi ambao kila mwalimu wa wanaoanza hulazimika kuurudia: kwamba kete moja ikikimbia peke yake hupotea, na kwamba lazima zitoke zote zikilindana. Ukitaka zoezi, angalia tu jinsi watoto wanavyokaa mbele ya ubao mwanzoni na jinsi wanavyokaa baadaye.

Uigizaji wa Cliff Curtis, anayemwigiza Genesis na ambaye naye ni Mmaori, ulimpatia tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tuzo za Asia Pacific Screen Awards mwaka 2014. Alijiongezea uzito mwingi kwa ajili ya kazi hii. Mwangalie hasa anapojituliza: pumzi anayoivuta kabla ya kujibu, mkono anaoupeleka kichwani, jinsi anavyojisemesha ili arudi alipo. Ni rahisi kwa mwigizaji kuonesha mtu anayeugua, lakini kumwonesha mtu anayejitahidi asiugue, dakika hadi dakika, mbele ya watoto wanaomtegemea, ni kazi ngumu zaidi, na mimi sijaiona ikifanywa vizuri kuliko hapa.

Filamu ikiisha, usikimbilie mjadala. Wape watu dakika kadhaa. Unapoanza, usianze kwa kuuliza nani alifurahishwa. Uliza ni nani katika hadithi alimpa Genesis kitu, na ni kitu gani hasa: chakula, funguo, kazi, imani. Utashangaa jinsi majibu yanavyotofautiana kuhusu Ariki. Kama wanaozungumza ni vijana, kubalianeni mapema kuhusu maneno: mgonjwa aitwe mgonjwa, na neno kichaa liachwe nje ya chumba.

Watauliza pia yapi ni ya kweli. Waambie kwamba Genesis Potini aliishi, kwamba klabu ya Eastern Knights ilikuwepo na Noble Keelan alikuwa mwenzake katika kuianzisha, kwamba filamu ya maelezo kumhusu ilitangulia mwaka 2003, na kwamba Robertson alimtembelea na kucheza naye sataranji alipokuwa akiiandika hadithi. Genesis alifariki mwaka 2011, hakuiona filamu ikikamilika. Waambie pia kwamba filamu ya namna hii hubana miaka mingi katika majuma machache, kwa hiyo mfuatano wa matukio usichukuliwe kama kumbukumbu za siku kwa siku.

Kisha, siku nyingine, itazame tena tukio la kwanza peke yake, dakika zile chache za mvua, mfarishi na ubao dukani. Safari hii wasahau waliosimama kumkodolea macho Genesis. Fuata mkono wake mmoja tu, unaozicheza kete nyeupe, unavuka ubao, unazicheza nyeusi, kisha unarudi.