Somo: Bomba la maji nyumbani lifukiwe futi ngapi?

Kila mtu anayejenga huku Nairobi, mitaa ya Utawala au Ruai, huniuliza hivi: bomba la kutoka kwenye mita hadi tangini, nichimbe futi ngapi? Futi mbili, yaani sentimita 60. Panapopita gari, futi tatu. Lakini kina hicho hupimwa kuanzia mgongo wa bomba hadi uso wa ardhi. Wengi hupunjika hapo: kibarua anachimba futi mbili kamili, unamwaga mchanga, unalaza bomba, na juu yake inabaki futi moja na nusu tu.

1. Jua udongo wako. Udongo mwekundu wa Karen au Kabete umetulia. Ule mweusi wa Embakasi kuelekea Ruai huvimba mvua ikinyesha, na kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Huvuta bomba huku na huku hadi maungio yaachie. Huko natumia bomba jeusi la plastiki la HDPE, lile la roli, kipande kimoja bila kiungo chini ya ardhi. Nalilaza limejipinda kidogo kama nyoka, ili udongo ukivuta lipate pa kujinyoosha.

2. Chagua njia. Ploti ya futi hamsini kwa mia ni finyu, najua, lakini bomba la maji na la choo yasilale mtaro mmoja. Yakipishana, la maji lipite juu, angalau futi moja. Nawaomba mlishike hili. Nairobi maji huja kwa zamu. Yakikatwa, bomba hubaki tupu na kuvuta hewa, na penye ufa huvuta chochote kilicho nje yake. Maji yakirudi, uchafu huo unaingia kwenye tangi ambalo watoto wanalinywea.

3. Chimba, kisha utandike mchanga sentimita 10. Usiruke hapa. Niliwahi kufukua bomba langoni kwa mteja Ruai. Aliyelitandika alilificha chini ya maramu, kina cha shubiri moja. Malori ya maji yalikuwa yakipita juu yake, na lori la lita 10,000 lina tani 10 za maji peke yake. Bomba lilikuwa limebonyea kama mrija uliotafunwa, jiwe la ukubwa wa yai limezama ubavuni.

4. Jaribu kabla ya kufukia. Kwa pampu ya mkono ya kupimia presha ni bora kuliko kwa maji ya tangi, maana tangi lililoinuliwa mita 6 linatoa presha ndogo, takriban baa 0.6 tu, na uvujaji mdogo hujificha. Acha usiku kucha. Asubuhi pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo.

5. Fukia kwa mchanga kwanza, kisha udongo usio na mawe, ukishindilia kwa miguu kila shubiri. Piga picha ya mtaro ukiwa wazi, futi ya kupimia ionekane. Atakayechimba shimo la mti baadaye atakushukuru.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, ndugu yangu yuko Canada, anasema kwao ni zaidi ya futi sita. Sisi tunakosea?
Jibu: Hapana, ndugu. Kule ardhi huganda, na maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9 na kupasua bomba. Baridi yetu ya Julai haigandishi udongo. Sisi tunakwepa jembe, magari na jua.

Swali: Nimegonga mwamba futi moja chini, na pesa ya kuvunja mawe sina. Nifanyeje?
Jibu: Pole, mama. Pitisha bomba ndani ya bomba kubwa la chuma, kisha umwage zege juu. Kama gari halipiti hapo, inatosha. Usiliache tu juu ya mwamba, litasuguliwa.

Swali: PPR, lile bomba la plastiki linalounganishwa kwa moto, naweza kuiacha juu ya ardhi ukutani?
Jibu: Jua huila na kuifanya ikatike kama biskuti. Ifunike au uifukie.

Swali: Bomba langu lilishafukiwa, sijui kama linavuja.
Jibu: Siku ya zamu yenu, funga koki ya kuingizia tangi na mifereji yote, kisha kodolea kile kigurudumu kidogo cha mita kwa dakika 15. Kikizunguka hata polepole, leta jembe.